Gari Lililokataa Kwenda Ukweni

Watu wa gereji wana swali moja linaloniudhi. Ukiwaambia gari linazima, wanafuta mikono kwa kitambaa, wanakutazama usoni, halafu wanauliza: "Linazima wakati gani?" Sasa ningejua wakati, si ningeshuka kabla? Lakini mwaka ule swali hilo liliniudhi zaidi kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa jibu ambalo mwanamume mzima hawezi kulitoa mbele ya watu wenye spana mikononi. Gari langu lilikuwa linazima nikienda kuposa.

Mnaotaka kucheka, chekeni. Nikienda sokoni halizimi. Nikienda kuchukua mbao halizimi. Nikilijaza magunia ya viazi nikapanda nalo mlima, linapanda likinguruma kama limetukanwa. Ila siku nikimweka shangazi yangu kiti cha nyuma na mshenga kiti cha mbele, nikatoka Njombe kuelekea Makambako kwa wakwe, linafika katikati ya safari, linakohoa, linanyamaza.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Ni gari dogo la zamani, la enzi za kabureta, lilikuwa jeupe likageuka rangi ya uji, halina kompyuta wala taa ya kukwambia linaumwa nini. Baba alipofariki aliniachia vitu viwili: hilo gari na dada yake. Shangazi ndiye aliyenilea kule Lugarawa tangu mama alipotutoka, nikiwa sijui hata kufunga vifungo vya shati. Mimi nikahamia Njombe mjini, nikapata chumba na karakana pale Mjimwema, nikawa natengeneza samani. Vitanda vya maharusi hasa. Kila bwana harusi akija kuchukua kitanda chake ananichokoza, "Na wewe fundi, chako lini?" Nilicheka nao miaka mingi hadi kicheko kikaisha, nikawa nasema tu, "Shika upande huo, tupakie."

Halafu siku moja nikaenda Makambako kufunga mashelfu kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa dada mmoja mwenye maneno makali na macho ya kucheka. Nilipomaliza kazi alisukuma shelfu kwa kiganja, likatikisika kidogo, akaniambia, "Fundi, hili likiniangukia utanioa wewe?" Nikarudi kulikaza. Wiki iliyofuata nikarudi kuangalia kama bado limekaza. Jamani, nilikuwa nakwenda kukagua lile shelfu mpaka wateja wake wakanizoea.

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule lakini kengele hakuiacha, alikuwa nayo kichwani. Tulipotuma habari kwamba tunakuja kuposa, alijibu kwa kifupi: Jumamosi, saa nane mchana, wazee wa upande wake watakuwa wamekaa. Siku ya posa kijana mwenyewe haingii ndani, wanaongea wakubwa. Kwa upande wangu wakubwa walikuwa shangazi, aliyesimama badala ya baba na mama kwa pamoja, na mshenga, rafiki wa zamani wa baba, aliyekuwa bwana mifugo na ambaye akianza kuongea anayeweza kumnyamazisha ni usingizi tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha gari na kukaa nje kama dereva wa kukodi.

Ilikuwa miezi ile ya baridi yetu, ukungu hauondoki mpaka saa nne, watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti. Shangazi aliingia Ijumaa kutoka Lugarawa, akashuka kwenye basi uso umemsawajika, kitambaa kiko mdomoni. Siku zote safari inamtapisha, na harufu ya petroli ndiyo adui yake mkubwa. Asubuhi yake alikuwa mzima, amefunga kitenge kipya, anatuamrisha kama askari. Mshenga na mimi tulikuwa ndani tunamalizia chai, yeye yuko nje anazungukazunguka gari, analifuta vumbi kwa khanga. Nikasema moyoni, angalia mama huyu anavyonipenda.

Tukaondoka mapema kwa raha zetu. Tumepita mashamba ya chai, mshenga anasimulia habari za ng'ombe wa mtu fulani, mara gari likakohoa. Nikakanyaga mafuta. Likakohoa tena, likavuta nguvu kidogo, likalegea, nikalisogeza pembeni likafa. Nikafungua boneti. Geji ya mafuta inasema tele, nilijaza mwenyewe jana yake. Nikagusagusa nyaya, nikapuliza huku na huku, nikalitukana kimyakimya kwa sababu ya shangazi. Tukakaa. Baada ya muda nikawasha tena, likawaka kama vile hakuna kilichotokea! Tukashangilia, tukapanda, tukaenda kipande kingine, likafa tena.

Tulifika Makambako jua limeshalegea. Wazee wa watu walisubiri, wakachoka, wakaondoka. Mwalimu mkuu alitupokea barazani, akatazama saa yake, akatutazama sisi, akasema, "Karibuni maji ya kunywa." Maji tu. Nikamwona yule dada dirishani jikoni, ameshika mwiko, ananikazia macho kama mtu anayetaka kuurusha.

Usiku alinipigia simu. "Wewe una nia au unanifanyia majaribio?"

"Gari limezima, haki ya Mungu."

"Mbona ukija kukagua shelfu halizimi?"

Na alisema kweli tupu.

Jumatatu nilikuwa gereji mlango haujafunguliwa. Fundi wangu wa magari ni mtu wa kujisifu, akishika gari anaongea nalo, na akikosea anaongea zaidi. Akabadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaiosha mpaka ikang'aa. Akasema, "Hili sasa hata Dar linafika." Nikalijaribu peke yangu, Njombe hadi Makambako na kurudi, bila kukohoa hata mara moja. Nikapitia dukani kwa yule dada nikampigia honi, akatoka mlangoni akanipungia mkono wa kunifukuza, lakini anacheka. Nikajua mambo yamekaa sawa.

Basi shangazi akaitwa tena kutoka Lugarawa, akaja na kitambaa chake mdomoni, akalala, akaamka, akafunga kitenge. Jumamosi nyingine, saa nane ileile. Na gari, shetani mkubwa wee, likazimika karibu palepale lilipozimika mara ya kwanza!

Safari hii nilimpigia fundi simu nikiwa nimekasirika hata salamu sikutoa. Akaniambia fungua mpira unaoleta mafuta kwenye pampu, upulize kuelekea kwenye tanki, kwa nguvu. Nikaupuliza, petroli ikanijaa mdomoni, nikaitema, nikapuliza tena. Tukawasha, likawaka na kukimbia vizuri. "Umeona?" fundi akasema kwenye simu, "kuna uchafu kwenye tanki, unaziba bomba." Likakimbia, halafu likafa tena. Nikapuliza tena. Kufika Makambako nilikuwa nanuka petroli mimi mwenyewe, na baraza la mwalimu mkuu lilikuwa tupu kama lilivyokuwa mara ya kwanza.

Mzee hakutupa maji siku hiyo. Alisimama mlangoni akamwambia mshenga, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Ndugu yangu, mimi nina binti mmoja, na wenzenu wengine wameshaulizia njia ya kufika hapa. Nawapa Jumamosi moja, ya mwisho wa mwezi. Wazee wangu wakikaa bure mara ya tatu, msihangaike tena." Mshenga, yule asiyekosa neno, alisema tu, "Tumesikia, mwalimu."

Kurudi nako lilizima hivyohivyo, tukafika Njombe usiku. Nilikuwa na hofu ya kweli. Watu wanadhani mtu mzima kama mimi akikosa mchumba anatafuta mwingine kama anavyotafuta bawaba dukani. Mimi sikutaka mwingine. Nilimtaka huyu wa kunitishia shelfu.

Wiki zile zilizofuata nilikuwa kama nimepagawa. Tukalishusha tanki zima, tukalimwaga, tukalichungulia kwa tochi. Lilikuwa safi kuliko sahani za kwangu. Fundi akakuna kichwa. Akabadilisha pampu. Akaniwekea filta ya plastiki inayoonyesha ndani, ili gari likizima nione kama mafuta yanafika au hayafiki. Hiyo ilikuwa akili, nampa haki yake. Nikazunguka nalo Njombe yote, filta imejaa mafuta, gari linaimba.

Nikafikiri labda ni uzito. Nikiwa peke yangu gari jepesi, nikiwa na wazee zito. Nikachukua magunia ya viazi, moja nikaliweka kiti cha mbele badala ya mshenga, mengine nyuma badala ya shangazi, nikayafunga mikanda, nikaenda nayo mpaka Makambako. Askari wa barabarani alinisimamisha, akachungulia, akaniuliza, "Hawa abiria wako hawasalimii?" Nikamweleza, akacheka mpaka akaegemea gari. Na viazi, niwaambie, vilifika salama na vikarudi salama.

Ndipo maneno yakaanza. Jirani mmoja akasema kuna mtu kanifungia njia. Mshenga naye akaniita pembeni, akashusha sauti: "Mwanangu, huoni kwamba likiwa na wazee ndio linazima? Labda marehemu baba yako hajaridhika na ukoo ule." Hapo nikachemka. Nikamwambia, "Mzee, mimi baba yangu nilimfahamu. Akiwa na neno alikuwa analisema mezani. Hawezi kukaa kwenye kabureta!" Mshenga akacheka, lakini niliona kwamba hakushawishika sana.

Jumamosi ya mwisho ikakaribia. Mshenga akashauri tukodi gari jingine, tuachane na balaa. Nikaafiki mara moja. Shangazi ndiye aliyekataa. Alikaa juu ya kitanda kimoja cha bwana harusi pale karakana, akakunja mikono. "Kaka yangu gari hili alilitunza akisema litaniingiza siku moja ukweni kwa mwanawe. Mkienda na gari la watu nendeni wenyewe." Sasa posa bila shangazi ni posa gani? Mimi nikapiga moyo konde, nikajaza tanki, nikaenda kulala na sikulala.

Asubuhi tukaondoka mapema kuliko mara zote, ukungu ungali barabarani. Vioo tumefunga kwa baridi. Mshenga safari hii hakusimulia ng'ombe wala nini, alikuwa anasikiliza injini. Tukapita mashamba ya chai. Tukapanda, tukashuka. Nikaanza kuimba kidogo kwa sauti ya chini, na nilipoanza tu kuimba gari likakohoa.

"Mungu wangu!" mshenga akasema. Shangazi akaanza Baba Yetu.

Nililiacha literemke lenyewe mpaka pembeni, nikaruka nje, nikafungua boneti. Filta ilikuwa tupu kabisa, ina tone moja chini. Basi nikajua kwa macho yangu: gari lina njaa ya mafuta. Tanki limejaa, pampu mpya, bomba safi, na mafuta hayaji. Nilipiga tairi teke nikaumia kidole. Nikapiga kelele peke yangu katikati ya mikaratusi, maneno ambayo sitayaandika, na shangazi alikuwa anasikia, sikujali. Kichwani nilimwona yule dada ameshika mwiko dirishani, nikaona mwanamume mwingine amekaa barazani kwa mwalimu mkuu, amefika kwa wakati, anakunywa chai.

Nikajiambia, tulia. Anza mwanzo kama unavyoanza kitanda kilichopinda. Mafuta yanatoka wapi? Kwenye tanki. Yamo? Geji inasema yamo. Na geji ya gari la umri ule nani ameiapisha? Nikakata kijiti, nikaenda ubavuni mwa gari kupima mafuta mwenyewe. Nikafungua kile kimlango kidogo, nikashika mfuniko wa tanki, nikauzungusha.

Ulikuwa mgumu, umeng'ang'ania. Nikaukaza mkono, ukaachia, na tanki likavuta pumzi. Fyuuuuu! Lilivuta hewa kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mtoto aliyekuwa amefunikwa blanketi kichwani. Mshenga alikuwa nyuma yangu, akaruka hatua kadhaa, nadhani alidhani ni marehemu.

Na pale kwenye mdomo wa tanki, chini ya mfuniko, ilikuwapo nailoni. Nailoni nene, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, imekunjwa mara mbili, imekatwa vizuri kwa mkasi, katikati imebonyea kwenda ndani kwa sababu tanki lilikuwa linainyonya. Nikaitoa taratibu, nikaiinua juu.

"Hii," nikauliza, "ni ya nani?"

Kutoka ndani ya gari, sauti ya shangazi: "Ya kwangu. Usiichane."

Mshenga alinitazama, nikamtazama. Nikaenda dirishani. "Shangazi, imefikaje kwenye tanki?"

"Si nimeiweka mimi."

"Lini?"

"Leo. Mlipokuwa mnakunywa chai." Akanitazama kama mjinga. "Gari lako linanuka petroli, mfuniko wake umelegea. Mbona hata dumu la mafuta ya taa tunalifunga hivyo? Unaweka nailoni, unafunga mfuniko juu, halimwagiki, halinuki. Na zile safari nyingine nilifunga hivyohivyo."

"Na tukirudi nyumbani?"

"Naitoa. Niiache ikaibwe? Nailoni kama hizi siku hizi utaipata wapi?"

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Ikanijia yote kwa mpigo. Kila mtu kwetu anafunga dumu hivyo, mimi mwenyewe nimefunga madumu hivyo tangu utoto, na dumu linakaa kimya miaka yote kwa sababu hakuna anayelinyonya. Tanki la gari linanyonywa. Kila tone linalotoka linataka hewa iingie mahali pake, na hewa ilikuwa inaingia kwenye kitundu cha mfuniko, kile alichokiziba shangazi. Ukinywa soda kwenye chupa huku umeifunga yote kwa midomo, soda inafika mahali inagoma. Ukipumzika, hewa inapenya kidogo, unakunywa tena kidogo. Ndiyo maana tukikaa linawaka. Ndiyo maana nilipopuliza ule mpira lilikimbia, nilikuwa nalipa hewa kwa mlango wa nyuma. Na ndiyo maana viazi vilifika salama: viazi havitapiki, havina shida na harufu, wala havina nailoni.

Mshenga alicheka mpaka akakaa chini karibu yangu. Mimi sikuweza kucheka bado. Nilisimama na hasira zangu zote, nikamwambia shangazi, "Kwa nini hukusema? Tumeshusha tanki! Nimenunua pampu! Ningekosa mke!"

Shangazi akawa mdogo pale kwenye kiti. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. "Ungenicheka," akasema. "Mimi nikinusa petroli natapika, unajua. Nikasema, naenda kwa watu kumwombea mtoto huyu mke, mama yake hayupo, baba yake hayupo, nitashukaje nimejitapikia kitenge? Watasema hana watu. Nilitaka nikishuka waone ana mtu."

Hasira ikanitoka yote, sijui ilikwenda wapi. Niliingiza mkono dirishani nikamshika shavu, nikamwambia, "Shangazi, hata ukishuka umejitapikia, nina mtu." Akanipiga mkono, akasema niache maneno, saa zinakwenda.

Nikafunga mfuniko bila nailoni. Shangazi akaikunja, akaifutia unyevu kwenye majani, akaitia kwenye mkoba. Nikawasha gari. Nilitazama filta ikijaa mafuta mpaka juu, nikafunga boneti kwa mikono miwili kwa heshima.

Jamani, gari lile lilikimbia! Vioo vyote tulishusha ili harufu itoke, baridi ikatuingia mpaka kwenye mifupa, mshenga kofia yake ikaruka na tukakataa kusimama kuirudia. Shangazi alitoa kichwa nje njia nzima. Alitapika mara ya kwanza tukiwa mwendoni, mara ya pili nilisimama kidogo, na akanifokea kwa nini nasimama. "Endesha! Nitatapika nikiwa nakwenda!" Kila mlima nilikuwa nategea kile kikohozi, na hakikuja.

Tuliingia uani kwa mwalimu mkuu saa nane haijafika. Wazee walikuwa barazani wanavuta viti. Shangazi alishuka, mguu mmoja baada ya mwingine, uso una rangi ya majivu, kilemba kimekaa upande, kitenge kimepata doa. Akasimama wima, akawasalimia kwa Kibena, lugha ya wakwe, "Kamwene," alivyofundishwa na mshenga. Yule dada akatoka jikoni mbio na kikombe cha maji ya tangawizi, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Mimi hakunitazama hata kidogo.

Nikabaki kwenye gari. Nilikuwa nimeliegesha chini ya dirisha la sebule, na sitadanganya kwamba ilikuwa bahati. Nikasikia viti, nikasikia sala, nikasikia mwalimu mkuu akikohoa: "Kabla hatujaenda mbali. Mara mbili hamkufika kwa wakati. Wazee wangu hawa wanataka kujua sababu."

Nikasikia mshenga akivuta pumzi ya mtu anayeandaa uongo mzuri. "Mwalimu, kama mnavyojua, barabara yetu ile..."

"Si barabara," shangazi akamkata. "Ni mimi. Kijana alifika gereji mara nyingi kutafuta ubovu, na gari halina ubovu. Mimi ndiye niliyeliziba pumzi, kwa nailoni, kwa sababu natapika njiani na niliona aibu mbele yenu. Kama kuna wa kukataliwa, nikataliwe mimi. Mtoto hana kosa."

Nikashika usukani kwa mikono yote miwili. Halafu mzee mmoja aliuliza, "Nailoni ipi, mama?" Nikasikia zipu ya mkoba. Nikasikia nailoni ikikunjuliwa. Nikasikia mzee mwingine akisema polepole, "Ile ya mbolea, hii nzuri sana hii," na sebule nzima ikaangua kicheko, na katikati yake nikaitambua sauti ya mwalimu mkuu, ambaye sikujua kama anaweza kucheka.

Walicheka wakachoka. Halafu sauti yake ikarudi kuwa ya kengele. Akamwita binti yake. Kwetu ndivyo ilivyo, wazee waseme, wacheke, wakubaliane, lakini mwishoni binti anaitwa na kuulizwa, na akisema hawatambui wageni, mnaaga na safari imeishia hapo. Nikasikia kandambili zake zikitoka jikoni, zikasimama.

"Hawa wageni," baba yake akauliza, "unawafahamu?"

Mimi nikatoa kichwa nje ya dirisha la gari ili neno lisinipite.

"Nawafahamu, baba," akasema. "Mara mbili nimewapikia, chakula kikapoa. Leo waache wale kingali cha moto."